Aliyekwenda Uhindi Kutuliza Mikono

Sikio langu la kushoto linavuma. Linavuma tangu nina miaka kumi na minne, na aliyelivumisha ndiye mtu ninayetaka kumweleza hapa. Jina lake silitaji, maana hata nyumbani kwetu hatukulitumia. Tulimwita Maître, kama wanavyoitwa walimu wote wa karate huku Likasi, mji wetu wa migodi, na dada yangu alipoolewa naye aliendelea kumwita hivyo hivyo, mezani na chumbani. Mama alikuwa akicheka: mwanamke gani anamwita mumewe mwalimu? Baadaye aliacha kucheka.

Ukimuuliza mtu wa mtaa wa Kikula habari za Maître, ataanza na mikono. Haikuwa mikubwa. Mtu mwenyewe alikuwa mfupi, mkavu, mwenye sauti ya chini ambayo ilibidi uinamie kuisikia. Lakini vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimepotea, na mahali pake pana sugu moja bapa kutoka kidole cha kwanza hadi cha mwisho. Sugu hiyo aliipata kwenye kichuguu. Nyuma ya kiwanja chetu cha mazoezi kulikuwa na kichuguu kirefu kuliko nyumba, udongo mwekundu uliokauka, na kila asubuhi alikipiga ngumi mia kulia, mia kushoto. Sisi wanafunzi tulikipiga pia. Aliyelia alianza upya. Aliyetoka damu aliambiwa apake udongo wa kichuguu hicho hicho na aendelee. Wafyatua matofali walipokuja kukichimba aliwafukuza kwa mawe, na mmoja wao mpaka leo ana kovu kwenye paji la uso.

Kofi langu nililipata kwa kucheka. Tulikuwa tumeinama kusalimu kabla ya mazoezi, mwenzangu mmoja akajamba, nami nikashindwa kujizuia. Mkono wenyewe sikuuona. Nilijikuta tu nimelala kwenye vumbi, upande mmoja wa dunia umezimwa. Jioni yake alikuja kwetu mtaa wa Panda na mananasi mawili kumwomba baba msamaha. Baba alikuwa mtu wa kiwanda na wa kanisa, aliyeamini kwamba mtoto asiyepigwa ni mtoto aliyetupwa. Badala ya kumfukuza alimshukuru, akamwita Yaya, dada yangu mkubwa, alete maji ya kunawa. Yaya akaleta maji. Ndivyo walivyoonana mara ya kwanza, na kwa miaka mingi nimejiambia kwamba kama nisingecheka siku ile, dada yangu angeolewa na mtu mwingine.

Karate haikumlisha. Kilichomlisha ni kazi ya ukuu wa walinzi kwenye bohari moja ya kununulia mawe ya shaba, barabara ya Kambove, mali ya tajiri mmoja Mhindi. Wachimbaji walimwogopa kuliko polisi. Akimkamata mtu ametoroka na gunia, hakumpiga rungu wala hakumfunga. Alimvunja kidole kimoja tu, kile kidogo cha mkono wa kushoto, ili mtu aweze kurudi shimoni kesho yake. Jambo hilo aliliona kuwa huruma. Niliwahi kumsikia akimweleza baba kwa sauti yake ile ya chini, kama mtu anayeeleza jinsi ya kupogoa mti.

Alikuwa na neno moja alilolitumia kila baada ya kumuumiza mtu. "Haikuwa minye," alisema, yaani haikuwa mimi. "Ilikuwa mukono." Alilisema kwa wachimbaji, kwa wazazi wa wanafunzi, kwa padri aliyemwita kumwonya. Alilisema bila mzaha, huku anautazama ule mkono, kama vile wenyewe ungetoa maelezo. Mimi nililichukia neno lile kuliko kofi.

Na bado mtu huyo huyo hakuweza kuona kuku akichinjwa. Yaya alichinja mwenyewe nyuma ya nyumba, naye Maître alitoka kwenda kuzunguka mtaa mpaka manyoya yawe yamezikwa. Kwenye harusi alilia kabla ya mama wa bibi harusi. Kimono za wanafunzi maskini alizishona kwa mkono, kwa mifuko ya unga iliyochemshwa mpaka maandishi yakatoka. Alipompiga Yaya, na alimpiga, asubuhi yake aliamka kabla ya wote, akafagia, akafua nguo za watoto, akajaza pasi makaa na kunyoosha vitenge vyake vyote. Tuliofika pale kumtembelea tukiona vitenge vimenyooshwa vizuri sana, tulijua. Hakuna aliyesema kitu. Hata mimi sikusema, na hilo nalitia kwenye hesabu ya makosa yangu.

Sasa nieleze kilichomwondoa nchini. Mama yake alifariki, tukaenda kuzika. Kwetu, katika msiba, watani wa ukoo wana ruhusa ya kila kitu. Wanamtukana marehemu, wanawapaka wafiwa majivu, wanakaa juu ya jeneza na kukataa kushuka. Mfiwa huvumilia, hucheka akiweza, humpa mtani kitu kidogo, na kilio kinapata pumzi. Mwenye kukasirikia mtani msibani hajawahi kusikika. Mzee mmoja, mtani wa ukoo wao, aliteremka mle kaburini kabla ya jeneza, akajilaza chali, akafumba macho.

"Huyu mama alikuwa anakulaka dagaa yangu bure," alipiga kelele toka chini. "Sitatoka! Mupeleke yeye fasi ingine!"

Watu walicheka mpaka machozi yakabadilika ladha. Maître hakucheka. Aliruka mle ndani. Tulisikia kitu kimoja tu, kikavu, na alipomtoa mzee kwa ukosi wa koti, taya la mzee lilikuwa limekaa upande. Wanawake waliacha kulia. Jeneza lenyewe lilibaki limeshikwa na wanaume wanne wasiojua waliteremshe au walirudishe.

"Haikuwa minye," alianza.

"Umetutia haya," Yaya akasema mbele ya watu wote. "Mbele ya mama yako."

Walipofika nyumbani alimvunja mkono. Alivunja ule wa kulia, juu ya kiwiko, na watoto wote wawili wanatazama. Yaya alirudi kwetu Panda kwa miguu, ameufunga mkono kwa mtandio, mtoto mdogo mgongoni. Mkono ulipona umepinda. Mpaka leo hawezi kufikia vifungo vya nyuma vya blauzi yake.

Kila mtu alisema mahali pa Maître ni gereza la Buluo. Lakini yule mzee, taya limefungwa kitambaa, alikataa kumshitaki. Mtani hampeleki mtani polisi kwa jambo la kaburini, ndivyo alivyoeleza kwa kalamu, kwa kuwa kusema hakuweza. Na baba yetu kwa aibu naye hakumshitaki. Nadhani hilo ndilo lililomtoboa Maître. Alikuwa amejiandaa kwa pingu, hakuna aliyezileta. Miezi mitatu alitembea Kikula na hakuna mtu aliyeitikia salamu yake.

Tajiri wake alikuwa na baba mzee aliyetaka kurudi kwao Uhindi kufia huko, mzito, asiyeweza kupanda ngazi. Maître alichaguliwa ambebe. Alimbeba kwenye ndege mbili na treni moja, akamfikisha, na mzee akafa kwa amani baada ya wiki chache. Ndugu zake wakamuuliza Maître anataka zawadi gani. Aliomba mahali pa kufundishwa kutuliza mikono. Wakampeleka kwenye nyumba ya yoga kule milimani, kando ya mto wa maji baridi, akakaa huko mwaka na nusu.

Mambo ya huko alinieleza baadaye, kipande kwa kipande. Waliamshwa saa kumi alfajiri. Walikaa wamekunja miguu, macho yamefumbwa, wakihesabu pumzi, na yeye aliyevunja matofali kwa kisigino alilia kwa maumivu ya magoti. Kulikuwa na Wazungu wengi waliosafiri kutafuta nafsi zao, wanawake waliobubujika machozi katikati ya ukimya, vijana waliokuwa na kila kitu na hawakujua wanachokosa. Mweusi alikuwa peke yake. Walimpa sufuria za kusugua. Mwalimu wao alikuwa kizee mwenye uzito wa mtoto, hakuwahi kupandisha sauti.

"Bale Bazungu balikuya kutafuta moyo," aliniambia. "Minye nilikuya kuacha kintu."

Nyani wa huko huiba chakula mikononi mwa watu. Siku moja nyani alimnyang'anya mkate, na kabla hajajua amefanya nini nyani alikuwa chini, shingo imevunjika. Kwa watu wa pale nyani ni mnyama wa ibada. Wapishi walipiga mayowe, wengine wakaokota mawe. Mwalimu yule mdogo hakumfukuza. Alimwambia ambebe nyani mpaka mtoni, ampakate, akae naye tangu asubuhi mpaka jua lizame, na kila inzi atakayetua amfukuze kwa kidole, taratibu, asimuue. Alikaa. Aliniambia kwamba mchana ule, katika harufu ile, ndipo alipotambua kwamba mkono ni wake. Kwa kweli tangu arudi sikumsikia tena akisema lile neno lake.

Alirudi amekonda, kichwa kimenyolewa. Hakwenda kwenye bohari, wala hakufungua tena karate. Aliingia katika nyumba yake ileile ya Kikula, akatandika mkeka uani, akatuma ujumbe kwetu Panda kwamba angependa mke wake na watoto wake warudi, wakitaka. Hilo la "wakitaka" lilimshangaza mama kuliko yote. Familia ikakaa. Mjomba akasema hatumrudishi mtoto wetu kwenye nyundo kwa sababu nyundo imesafiri. Nilimwona Yaya anavyosikiliza. Mwishowe wakanichagua mimi, kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi wake na namjua, niende kila Jumapili nikae naye, nimpime, halafu nilete jibu. Mimi fundi wa kuchomelea vyuma, nipime moyo wa mtu!

Nilikwenda na chuki yangu yote. Jumapili ya kwanza nilimkuta amesimama kichwa chini, miguu juu ya ukuta, tumbo wazi. Nilicheka, nikiwa mbali kidogo na mkono wake. Alishuka, akaniuliza habari za Yaya, akanipa chai. Jumapili ya tatu nilishindwa kuvumilia ule utulivu. Alikuwa amekaa mkekani, macho amefumba, nami nilimzunguka, nikamchapa kofi kwa nguvu zangu zote, sikio la kushoto.

Alifumbua macho. Nilikwisharuka nyuma, nimekunja ngumi alizonifundisha yeye.

"Ingine?" akauliza.

Nikampiga la pili. Sitaki kudanganya, nilisikia utamu. Nilimpiga la tatu, damu ikamtoka puani, na yeye pumzi yake inaingia na kutoka bila haraka. Kisha nikaacha. Alinipa mkeka nikae. Nilikaa, na sikumweleza mtu yeyote nyumbani.

Jirani yake alikuwa mwanamke anayeitwa Mama Bijou, muuza maharagwe, mtu wa maombi asubuhi na jioni. Alichungulia juu ya ukuta na kumwona mtu kichwa chini. Huku kwetu kila mtoto anajua mlozi hugeuza mwili kabla ya kwenda kuwinda watu: miguu inakaa mahali pa kichwa. Mtu aliyekwenda mbali, akarudi amenyolewa, haendi kanisani, hali nyama, anaongea na pumzi zake, tena anasimama kinyume. Wiki hiyo mtoto wa nyumba ya tatu akafa kwa homa. Hesabu ilikuwa rahisi, na Mama Bijou aliitangaza mtaani.

Walikuja Jumapili baada ya ibada, mchana kweupe, na mashati ya kanisani. Vijana kama wanane, kuni mikononi, mmoja na mnyororo wa baiskeli, mmoja na nusu tofali. Nilikuwa nimekaa naye mkekani. Lango halikubishwa, lilianguka.

"Mulozi! Toka inje!"

"Rudisha mutoto wa bantu!"

Niliinuka, nikaokota bomba la chuma. Maître alinishika upindo wa suruali.

"Shemeki, weka chini," akasema. "Ukipiga mumoja, batatuua sisi wote. Kwenda pale ku ukuta."

Nikaenda ukutani. Naandika hivi na uso unaniwaka, lakini nilikwenda. Naye alibaki amekunja miguu. Ukuni wa kwanza ulimpata begani, nikasikia mfupa. Mnyororo ulimchana mgongo mara nne, mara tano. Tofali lilimng'oa meno mawili. Walimtukana mama yake aliye kaburini. Alipolala upande, mmoja aliyevaa buti la mgodini alipanda juu ya mkono wake wa kulia, akaruka, akaruka tena. Mimi niliyeufahamu ule mkono nilikuwa nangoja. Nilijua angeweza kuwaangusha watatu kabla hawajaelewa. Midomo yake ilikuwa inahesabu pumzi, basi. Mwishowe walichoka. Kumpiga mtu asiyejikinga kunaleta hofu, na waliondoka mmoja mmoja bila kutazamana, kuni wameziacha uani.

Nilimpeleka hospitali mgongoni. Jioni niliisimulia familia yangu yote, nikiwa nimelowa damu yake. Mama aliweka mkono mdomoni. Mjomba akasema mtu aliyevumilia vile hawezi tena kumgusa mtoto wetu. Nilisema hivyo hivyo. Nilisema zaidi: nilisema namwamini. Yaya aliingia chumbani, na kupitia mlangoni nilimwona anatoa sanduku chini ya kitanda.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi mchana, nilikwenda Kikula kumpa habari. Yaya angefika Jumatatu, yeye na watoto. Tayari alikuwa amesukwa nywele, na yule mdogo alikuwa amemwambia kila mtu mtaani kwamba anakwenda kwa papa, baba yake. Maître alikuwa anasugua sufuria kwa mkono wa kushoto, wa kulia uko kwenye plasta. Nilimwambia nikiwa bado nimesimama, kwa furaha, nikijua nimeleta zawadi. Aliiweka sufuria chini polepole.

"Ikala," akasema.

Nikakaa. Akaniuliza kama nimemwona Mama Bijou siku hizi. Nilisema sijamwona.

"Alikuya hapa juzi," akasema. "Alikuya kuomba pardon. Na sahani ya maharagwe. Minye nilikuwa nakula, nimemupa mugongo. Hakusema odi. Alinigusa tu hapa." Akagusa bega lake lililovunjika. "Kidogo tu, sawa vile bibi anagusaka bwana."

Akautazama mkono wake wa kushoto.

"Nilipofungula macho, nilikuwa nimemushika shingo ku ukuta. Na huu wa kushoto. Miguu yake haiko chini. Maharagwe yote chini. Sijui ilikuwa muda gani, shemeki. Alikuwa bleu, sawa muntu anakufa."

"Lakini ulimwachia," nikasema.

"Nilimuachia."

"Si unaona? Zamani usingemwachia. Na wale vijana wanane, na mimi, makofi yale..."

"Bale nilibaona banakuya," akanikata. "Weye pia nilikuona unakuya. Muntu akikuya na fimbo, minapumua, ninamungojea. Yaya yako hatakuya na fimbo. Atakuya na chai. Atanigusa nyuma, ju ni bibi yangu, iko na haki." Alinitazama. "Kule Inde balinifundisha kuikala minye peke. Kuikala na muntu, ile habakunifundisha. Ambia yeye asikuye."

Nilikasirika. Nilimwambia amtazame yule mwanamke alivyomngoja, nikamtajia watoto, nikamwita mwoga. Nilimwambia kama ni hivyo akamwambie mwenyewe. Alitikisa kichwa: akimwona atashindwa kusema. Akachukua sufuria yake akaendelea kusugua, na machozi yanaingia mle ndani ya majivu. Nilitoka bila kuaga.

Kutoka Kikula mpaka Panda nilitafuta uongo wa kumwambia Yaya. Nilifikiria safari nyingine, ugonjwa, mwanamke wa Kihindi. Nilimkuta ameketi juu ya sanduku analilazimisha lifunge, kwa mkono ule uliopinda. Aliniona uso, akaacha.

"Amekataa," nikasema. Nikamweleza yote, shingo ya Mama Bijou, maharagwe, kila kitu.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni yeye mwenyewe alisema nisikuye?"

"Ni yeye."

"Hakusema ni mukono?"

"Hapana. Alisema ni yeye."

Mtoto mdogo aliingia mbio kuuliza kama Jumatatu ni kesho. Yaya alimvuta, akamweka katikati ya magoti yake, akamfuta vumbi usoni.

"Sasa ndiyo naamini kama alibadilika," akaniambia, na akaanza kufungua sanduku.